Mtoto ana miezi minne, nywele zinapuputika, na sendofu ni wiki tano zijazo: nibandike nini?

Mama Rahma, Tanga

Wapendwa, salamu. Naombeni mnisaidie kuchagua, maana kila ninayemuuliza ananiambia lake.

Nywele zangu ni nyembamba tangu utotoni. Bibi akinisuka twende kilioni alikuwa akisema ni kama kushika ndevu za hindi bichi, zinamteleza kabla hajafika kisogoni. Nilikuwa naweka dawa ya kunyoosha nywele kila baada ya miezi mitatu, nikaacha mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Wakati wa mimba zikajaa vizuri, nikafurahi kweli. Sasa mtoto ana miezi minne, na tangu mwezi uliopita zinatoka kwa mafungu. Nazikuta kwenye foronya, naziona bafuni zimeziba tundu la maji. Juzi mtoto analia hanyamazi, kumvua soksi nikakuta unywele wangu umejizungusha kwenye kidole chake cha mguu mpaka kimekuwa chekundu. Niliukata kwa kimkasi cha kucha huku mikono inatetemeka.

Kuna jambo jingine. Miaka mitatu iliyopita nilibandika wivingi kwa gundi. Siku ya kuitoa ilibanduka na nywele za malaika, pande zote mbili juu ya masikio. Zilirudi, lakini chache.

Mdogo wangu ana sendofu wiki tano zijazo. Wifi yangu aliyeko Dubai amenitumia nywele za binadamu, vifungu vitatu, inchi 24, zimenyooka kabisa. Amejinyima kuninunulia, najua. Mdogo wangu naye anataka dada zake wote tusuke rasta nyembamba za kufika kiunoni, tufanane. Msusi wa hapa mtaani anasema niweke dawa kwanza ili nywele zilale, halafu anisuke siku hiyohiyo. Mume wangu anasema nifunge kilemba.

Nywele kama hizi zibebe nini? Naogopa kubaki na upara, na pia naogopa kumvunja moyo wifi.

Msusi wa Kirumba, Mwanza

Mama Rahma, hongera kwa mtoto, na pole. Mimi ni msusi hapa Kirumba, huu ni mwaka wangu wa 17. Kabla hujasoma mengine nakusihi: usiweke dawa, na hasa usiweke dawa ukasukwa siku hiyohiyo. Dawa inavunja vile vinavyoushikilia unywele kwa ndani, ndiyo maana unanyooka. Siku ile unywele ni dhaifu na ngozi imechokozwa hata kama huoni kidonda. Mimi mteja wa dawa namwambia arudi baada ya wiki mbili, akikasirika akaenda kwa jirani basi.

Na kupuputika huko kusikutishe kupita kiasi. Ukiwa na mimba, nywele zilizopaswa kudondoka zinasubiri, ndiyo maana zilionekana kujaa. Baada ya kujifungua zinadondoka zote kwa pamoja, mara nyingi kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne, na kwa wanawake wengi hali inatulia kabla mtoto hajatimiza mwaka. Ukiona mabaka matupu, au unachoka kupita kawaida na kizunguzungu juu, nenda kliniki wakupime damu. Na vidole vya mtoto endelea kuvikagua kila siku, vya mikono na vya miguu. Ulifanya vizuri kumvua soksi.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Chukua unywele mmoja ulioanguka wenyewe, uulaze kwenye karatasi nyeupe pembeni ya uzi wa cherehani. Ukiwa karibu hauonekani pembeni ya uzi, unywele wako ni mwembamba. Hapo umejua jambo moja tu. La pili ni wingi: gawa mstari katikati ya kichwa bila kuvuta, uangalie ngozi inaonekana kiasi gani. Wapo wenye unywele mwembamba lakini wana msitu, na wapo wenye unywele mnene lakini zimekaa mbalimbali. La tatu ni kama ni kipilipili, za mawimbi au singa. La nne ni hali ya shina leo, siyo mwaka jana. Watu wakienda dukani wanaliangalia hilo la tatu peke yake, kwamba nywele za dukani zifanane na zake. Kinachowaacha na upara ni la kwanza na la nne.

Kwako, la nne ndilo linaamua. Shina linaachia, na juu yake una nywele za aina mbili kwenye unywele mmoja. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Mwezi mmoja kabla ya mimba, miezi tisa ya mimba, minne ya mtoto: una karibu sentimita 14 za asili, kisha mbele yake kuna dawa ya zamani. Pale zinapoungana ndipo zinapokatikia. Shika unywele mmoja, upitishe kati ya kidole gumba na cha shahada polepole kuanzia shinani, utapasikia mahali panapobadilika kutoka mikunjo kwenda ulaini. Hapo hapataki chanuo kavu wala fundo la rasta.

Kifungu kimoja cha wivingi kwa kawaida ni gramu 100. Vitatu ni gramu 300. Hiyo ni robo ya sukari na zaidi, inaning'inia kwenye mistari ya nywele nyembamba usiku na mchana, na ukioga inakunywa maji inazidi uzito. Sitakushonea hata ukinilipa mara mbili. Rasta za kiunoni ni hivyohivyo, na ukisukwa nyembamba sana kila rasta inashikwa na vinywele vichache mno. Juu ya hayo una mtoto wa miezi minne. Mwezi ujao atajua kukamata, na cha kwanza kukamata ni hicho kinachoning'inia usoni kwake akinyonya.

Niwaambie ninalolibeba. Mwaka 2011 nilimsuka binti mmoja yebo yebo, anaenda kuanza chuo. Alikuwa analia machozi nami namwambia avumilie, urembo una gharama, akifika nyumbani ameze dawa ya maumivu. Nilijisifu kwa kukaza. Kesho yake mama yake alinionyesha: kila shina mbele lina kipele cheupe kama kichwa cha pini. Nilimwambia vitaisha. Baada ya miaka miwili nilikutana naye stendi, amevuta kitambaa mpaka kwenye nyusi, akakisogeza kidogo nione. Ngozi inang'aa, haina hata kitundu cha unywele. Ikifika kung'aa vile hairudi. Tangu siku ile nikimaliza mstari wa mbele namwambia mteja apandishe nyusi na acheke kwa nguvu. Akisikia ngozi inavuta, nafumua hapohapo, hata kama nimeshakula saa nzima.

Kwa hiyo ushauri wangu: nywele za wifi zifanye wigi. Siyo kukushonea kichwani. Fundi anashona vifungu viwili kwenye kofia ya wavu yenye lastiki kisogoni, cha tatu unakitunza. Hakuna gundi. Hakuna vile vibanio vya chuma vya ndani upande wa masikio, maana kwako ndiko kulikoliwa. Chini yake unasukwa mistari minene saba au minane ya nywele zako tupu, mkono mwepesi, siku mbili kabla. Ukirudi unalivua, unamnyonyesha mtoto kichwa kikiwa chepesi.

Atieno wa Umoja, Nairobi

Nakubaliana na msusi, lakini wenye nywele kama zangu wasije wakaogopa rasta bure. Zangu ni kipilipili hasa, nene, chanuo za plastiki nimevunja tatu. Sijawahi kutia dawa. Wivingi iliyonyooka ndiyo ilinitesa mimi. Nilikuwa naacha nywele zangu kidogo mbele zifunike mshono, na ili zifanane na zile za dukani ilibidi nizipige pasi kila asubuhi kabla ya kazi. Baada ya miezi miwili hizo za mbele zilikuwa zimeungua, hazirudi kujikunja hata nikizilowesha, zinakatika nikizigusa tu.

Sasa nasuka rasta zile zisizo na fundo shinani. Msusi anaanza na nywele yangu mwenyewe, akishashuka kidogo ndipo anaongeza rasta kidogokidogo. Hazivuti, usiku wa kwanza nalala vizuri. Za saizi ya penseli, urefu wa kifuani, wiki sita natoa. Huwa naenda Kenyatta Market, kina mama watatu wanashika kichwa kimoja na tunamaliza kabla ya chakula cha mchana. Nikikaa tu nasema: mbele hapa msikaze, na nywele za malaika msiziguse.

Kilichokuwa kikinisumbua ni kuwashwa. Nilidhani ni mba. Sasa nalowesha rasta kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na siki ya tufaha, maji yanatoa utando mweupe juu, nasuuza, naanika kivulini mpaka zikauke. Sijawashwa tena.

Msusi wa Kirumba, Mwanza

Atieno amesema kweli tupu, hasa hilo la pasi. Ukiacha nywele zako nje, chagua za kubandika zinazofanana na zako zikiwa zimeoshwa na kukauka zenyewe, siyo zikiwa zimetoka saluni. Mwenye kipilipili achukue zile zilizokunjamana, zinaungana na zake bila moto. Na huo utando mweupe nami nauona: rasta za dukani hupakwa kitu kiwandani, wengine ngozi yao inakikataa.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo, Unguja

Mwanangu Mama Rahma, mimi ni mtu mzima, nimelea watoto sita na kila mmoja alinipukutisha. Kwa dini yangu mimi sijiungi nywele za mtu mwingine, na simlazimishi asiyeamini hivyo. Lakini nikupe tulilonalo sisi: uzi.

Baada ya kujifungua, mama yangu alikuwa akinisuka kwa uzi mweusi wa pamba. Unagawa nywele mafungu kumi, unalipaka fungu mafuta ya nazi kidogo, unazungusha uzi kuanzia shinani bila kukaza, unashuka mpaka nchani, unafunga. Siku tatu nne unafungua. Zinatoka zimerefuka zenyewe, hazijaona pasi wala dawa. Ukitaka mistari ya chini ya hilo wigi ilale, anza na uzi. Msusi hatahitaji kuvuta.

Na mumeo naye asipuuzwe. Kilemba kizuri kilichofungwa na anayejua kufunga kinatosha sherehe yoyote. Ila ndani yake kiwe na kitambaa cha hariri au satini, maana pamba inakunywa mafuta na kusugua pembeni.

Mama Rahma, Tanga

Nimesoma nikiwa nanyonyesha, machozi yamenitoka kwa yule binti wa stendi. Ahsanteni sana mama zangu na dada zangu.

Nimefanya ya uzi wa cherehani. Unywele wangu karibu hauonekani pembeni ya uzi. Na pale zinapoungana nimepasikia kabisa, kama kifundo.

Maswali mawili. Nitajuaje kama kweli ni nywele za binadamu? Kwenye pakiti wameandika ni za Brazil. Na je, dada zangu wakisuka rasta, mimi nikae na wigi lililonyooka peke yangu?

Msusi wa Kirumba, Mwanza

Hilo jina la Brazil usilibebe kama pasipoti. Majina hayo ni ya biashara, yanataja mtindo wa nywele kuliko nchi zilikotoka. Nywele nyingi za binadamu zinazouzwa zinatoka India na China. Kuna hekalu la Tirumala huko Andhra Pradesh, waumini wananyoa nywele kama sadaka na hekalu linazipiga mnada. Ukiona pakiti imeandikwa Remy, maana yake ni kwamba nywele zimepangwa upande mmoja, shina na shina, ncha na ncha. Ndizo zisizofungamana haraka, kwa sababu magamba yake madogo yanaelekea upande mmoja.

Kupima: chomoa unywele mmoja kwenye kifungu, uushike kwa koleo ya nyusi juu ya sahani, mbali na mtoto, uwashe njiti. Wa binadamu unanuka kama manyoya ya kuku unayoyababua, ukiuvunja kwa vidole unakuwa jivu. Wa plastiki unajikunja, unanuka plastiki, unaacha kishanga kigumu. Huenda zimechanganywa, kwa hiyo fanya na unywele wa katikati ya kifungu na wa pembeni. Hata ukikuta ni za plastiki usimwambie wifi, wigi litapendeza tu, ila pasi ya moto usilipitishie.

La pili ni zuri zaidi. Wigi likishonwa, mwambie fundi akate urefu ufike kifuani, kisha asuke rasta sita mbele kwenye nywele za wigi hilohilo, siyo zako. Nyingine ziachwe wazi. Mkisimama kwenye picha mtafanana, na hakuna anayejua rasta zako zimeota kwenye kofia. Wigi likiwa mezani linasukika hata kwa kukaza unavyotaka, halina neva.

Chini yake mistari isizidi wiki mbili. Ukifumua utaona rundo, usipige kelele. Mtu mzima hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku hata akiwa mzima kabisa, na zikiwa zimesukwa hazina pa kwenda. Siku 14 ni kati ya 700 na 1,400, na kwako zitazidi kwa sababu ya uzazi. Angalia ncha: yenye kijidoa cheupe upande mmoja imedondoka kwa zamu yake. Isiyo nacho imekatika, na hiyo ndiyo uniulize.

Fumua zikiwa zimepakwa mafuta, kwa vidole, mstari mmoja mmoja. Mkia wa chanuo usiutumie.

Mama Rahma, Tanga

Nimerudi kutoa habari, samahani kwa kimya. Sendofu ilikuwa Jumamosi iliyopita.

Nywele zilinuka kuku. Fundi wa barabara ya 12 alishona siku mbili, nikakaa pembeni yake kuhakikisha hashoni vibanio. Lastiki tu. Aliponivalisha aliniambia nitikise kichwa kama naimba kwaya, halikuteleza. Bi Mkubwa, ule uzi nimeufanya mara tatu kabla ya kusukwa mistari, na msusi mwenyewe akaniuliza nimetumia nini. Aliposhika mstari wa mbele nilimwambia asubiri, nikapandisha nyusi, nikacheka. Alinishangaa, kisha akalegeza.

Mdogo wangu alilia alipoona rasta sita mbele, akadhani nimesukwa. Wifi alipiga simu ya video katikati ya kuingiza zawadi, akapiga vigelegele akiwa kwake mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka. Saa nne usiku mtoto alianza kulia, nikaingia chumba cha nyuma, nikalivua, nikaliweka juu ya mkoba, nikamnyonyesha. Alikamata kitenge, hakuwa na kingine cha kukamata.

Jana nimefumua. Rundo lilijaa kiganja. Nililitandaza kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha, nikazikagua moja moja hadi macho yakauma. Nyingi zina kijidoa cheupe. Zilizokatika nimehesabu 31, na zote zimekatika palepale zinapoungana na dawa. Msusi, nizikate zote za dawa sasa, au nipunguze kidogokidogo?

Na juu ya sikio la kulia, pale gundi ilipopitia, kuna vinywele vipya. Nimepima kwa rula ya mtoto wa jirani: milimita 6.

Msusi wa Kirumba, Mwanza

Kata sentimita 2 kila mwezi, leo anza. Hivyo vya milimita 6 usivipake chochote na usivilaze kwa jeli.